Joto Kali, Baridi Kali na Jinsia: Nani Yumo Hatarini Zaidi?

Katika kiangazi cha mwaka 2022, Ulaya ilikumbwa na joto lisilo la kawaida. Watafiti walikadiria kuwa, kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Septemba, watu 61,672 walifariki kwa sababu ya joto hilo. Kwa kuzingatia idadi ya watu wa kila jinsia, vifo vya wanawake vilizidi vya wanaume kwa asilimia 56.

Je, mwili wa mwanamke hushindwa na joto upesi zaidi? Takwimu hizo zikigawanywa kwa umri, jibu hubadilika. Chini ya miaka 65, vifo vya wanaume vilizidi kwa asilimia 41. Kati ya miaka 65 na 79, vilizidi kwa asilimia 14. Wanawake waliwazidi wanaume kuanzia miaka 80 tu, kwa asilimia 27. Kwa kuwa wanawake huishi muda mrefu zaidi, wao ndio wengi katika rika hilo la hatari, na jumla huelemea upande wao.

Maumbile yana sehemu yake: kwa wastani, mwanamke hutoa jasho kidogo kuliko mwanamume, na uzee hupunguza jasho na hisia ya kiu kwa wote. Maisha nayo yana sehemu yake. Wazee wengi wa kike barani humo huishi peke yao, ilhali wanaume wengi hufanya kazi nzito juani.

Kuhusu baridi, nchini Marekani watu 16,911 walifariki kati ya 1999 na 2011 baada ya joto la mwili kushuka kupita kiasi. Takriban theluthi mbili walikuwa wanaume. Ulevi na kukosa makazi huongeza hatari hiyo.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asiishie kwenye jinsia. Amuulize mgonjwa umri wake, kazi yake, anaishi na nani, na anatumia dawa gani, hasa dawa za kuongeza mkojo. Mgonjwa naye asiache dawa bila ushauri. Katika pwani yetu, unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, hivyo tahadhari ni muhimu zaidi.

Mtu akichanganyikiwa au kuzimia kwa sababu ya joto, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na afikishwe hospitali mara moja. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.