Mwanamapokeo na Usasa: Sheria za Ushairi wa Kiswahili katika Zama za Gazeti na Redio

1.0 Utangulizi

Katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto miaka ya 1970, mwanamapokeo alizoeleka kuchorwa kama mtu aliyeupa usasa kisogo. Makala haya yanauona mchoro huo kuwa wa haraka mno. Yanakusudia kuonyesha kwamba mhafidhina wa ushairi aliipokea siasa mpya na mitambo mipya kwa mikono miwili, akakataa jambo moja tu, nalo ni kuguswa kwa umbo la ubeti.

2.0 Siasa na Mitambo

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka huohuo Saadani Kandoro, mshairi wa mkondo uleule, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Amri Abedi mwenyewe alikuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baadaye Waziri wa Sheria, kabla ya kufariki mwaka 1964. Naye Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliifanya ngonjera kuwa chombo cha siasa ya taifa jipya. Juzuu mbili za Ngonjera za UKUTA zilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1969. Watu hawa hawakuwa wakiyatazama mapinduzi ya wakati wao kupitia dirishani.

Kwa upande wa mitambo hali ni hiyohiyo. Majibizano ya Muyaka bin Haji katika Mombasa ya karne ya 19 yalitegemea watu waliokaa mji mmoja. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na baadaye redio, vilimwezesha malenga wa bara kumjibu malenga wa pwani ambaye hajapata kumwona. Gazeti halikuua majibizano, liliyatanulia uwanja.

3.0 Kiini cha Ubishi

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kilichowaudhi wanamapokeo hakikuwa hasa mawazo yaliyomo bali kukosekana kwa vina na mizani. Amri Abedi alikuwa ameshasisitiza kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Kwa mtazamo huo, tungo za Kichomi zilikuwa nathari iliyokatwakatwa.

Dai hili lina mashiko ya kiisimu kuliko wapinzani wake walivyokiri. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu, na silabi husikika waziwazi; kwa hiyo kuhesabu mizani nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo, ni kuhesabu kitu ambacho sikio la msemaji tayari linacho. Neno mtu lina mizani mbili kwa kuwa m yake ni silabi kamili, na mbuzi pia lina mbili, ingawa m yake si silabi. Malenga asiyejua kusoma hakosei hapo, ilhali mwanafunzi anayetegemea macho hukosea. Tungo huru, kinyume chake, hutegemea sana ukurasa: mahali mstari unapokatwa na nafasi tupu inayoachwa. Kwa maana hiyo, ni mwanausasa aliyekuwa mtoto halisi wa kiwanda cha chapa, wakati mwanamapokeo alikitumia kiwanda hicho kama mjumbe tu.

Hata hivyo, hoja ya asili haifiki mbali kama wenyewe walivyotaka ifike. Tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo hazitii hesabu ya mizani kumi na sita, na hakuna aliyethubutu kuziita nathari. Tena sheria ikichukuliwa kama ilivyo, nyimbo nyingi za Wakerewe, Wahaya na Wasukuma hazina haki ya kuitwa ushairi. Hapa ndipo penye uchungu. Wanausasa kama Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi walitoka bara, na kitabu cha Mulokozi na Kahigi, Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), kilihusu kanuni za utunzi na pia swali la nani mwenye haki ya kuziweka. Lakini Mnyampala naye alikuwa wa bara, na alizitetea sheria kwa moyo wote. Hivyo ubishi huu haugawanyiki kwa jiografia peke yake.

Jambo moja halikujadiliwa vya kutosha, nalo ni uhuru ambao mwanamapokeo hujipa mwenyewe. Kwa inkisari, nimekuja huwa mekuja. Kwa mazida, afya huwa afiya. Mlinzi wa lugha anayeshutumu wengine kwa kuiharibu hukata na kurefusha maneno ili hesabu itimie. Uhuru huo una jadi yake, na katika mkono wa fundi huleta ladha. Katika mkono wa mwanagenzi huwa kiraka, na kurasa za mashairi magazetini zimejaa viraka.

4.0 Baada ya Mgogoro

Kezilahabi aliendelea na njia yake katika Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008) hadi alipofariki mwaka 2020. Shuleni, pande zote mbili sasa hufundishwa. Wakati huohuo, vijana wa muziki wa kufokafoka, ambao malenga wa zamani angewafukuza barazani, wanatunga kwa vina vizito vya mwisho bila kujali mizani, na tungo zao zinaimbika.