Farisi na Mlezi Wake: Kumwandikia Mhusika Maisha ya Nyuma

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons. Kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, na msimulizi mkuu huwaelezea wote ulimwengu wanamosafiri. Unatuhusu sisi wanafunzi wa lugha, maana kabla ya kucheza ni lazima mtu aandike: mhusika wangu ametoka wapi, na nani alimlea?

Nitazungumzia farisi, yule ambaye Wafaransa humwita chevalier. Nachagua neno hili la Kiarabu, ndugu ya farasi, kama vile chevalier lilivyotokana na cheval (tusilichanganye tu na Farisayo!). Maandishi ya wachezaji wapya ninayosoma hufanana mno: yatima, kijiji kilichoteketezwa, mlezi aliyeuawa. Mlezi wa namna hiyo humwachia msimulizi kisasi tu, na kisasi huisha haraka.

Neno la Kiingereza, knight, zamani lilimaanisha kijana au mtumishi. Ndivyo ilivyokuwa kweli: kabla ya kuwa bwana, farisi alikuwa chini ya mtu. William Marshal wa Uingereza alipelekwa Normandie akiwa kijana, kwa jamaa yake, bwana wa Tancarville, akalelewa humo hadi kufanywa farisi. Katika pigano lake la kwanza farasi wake aliuawa, akalazimika kuuza joho lake ili anunue mwingine. Mlezi yu hai, tena ni tajiri, na kijana anauza nguo. Hapo tayari pana maswali ya kutosha vikao vitatu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Perceval wa Chrétien de Troyes, wa karne ya 12. Mama yake amemficha msituni asijue habari za mafarisi. Anapoondoka, Gornemant anamfundisha mkuki, ngao na farasi, kisha anamwonya asiwe msemaji sana. Ni shauri zuri, kwani kijana alikuwa mropokaji. Baadaye, katika ngome ya Mfalme Mvuvi aliye mgonjwa, anaona mkuki unaotoka damu na chombo kiitwacho graal vikipitishwa mbele yake. Anatamani kuuliza, anakumbuka onyo, ananyamaza. Kumbe swali lake lingemponya mfalme. Gornemant hakukosea wala hakufa. Shauri lake ndilo lililofika mahali ambapo halikufaa.

Kwa hiyo mimi humwandikia farisi wangu kanuni moja ya mlezi, nzuri kabisa, inayoweza kumuumiza siku moja. Farisi wangu wa sasa alilelewa na mlinzi mzee wa lango, aliyemwambia: «Usimfungulie mtu usiku, hata akiwa mimi.» Msimulizi wetu aliisoma akacheka, nami nikajua nitateseka.

Jambo la lugha: kanuni hiyo iandikwe kwa maneno ya mlezi mwenyewe. Ukiandika «alimfundisha uangalifu», umempa msimulizi nomino ya dhahania isiyomfunga mtu. Kitenzi cha kukataza, chenye -si- yake, kina msemaji na msikilizaji, na kinaweza kuvunjwa. Ongeza mahali kiliposemwa, na kazi waliyokuwa wakiifanya wawili hao saa ile. Urefu wa upanga na rangi ya ngao vinaweza kungoja.