Mas-ala ya Tabibu wa Dini Nyingine

Amma baadu. Huulizwa katika Majengo ya Mpanda: je, yafaa Muislamu kutibiwa na daktari asiye wa dini yake? Na neno lake likigusa ibada, hufuatwa?

Jawabu la kwanza: yafaa. Huko Karema, katika mkoa huu wa Katavi, alikaa Adrien Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu. Alitekwa utumwani utotoni, akakombolewa na mapadre Wafransa, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, akafariki mwaka 1956. Alikuwa tabibu na katekista pamoja. Imani yake ndiyo iliyomleta, wala hilo halifichiki. Lakini dawa haigeuki kuwa sumu kwa dini ya mtoaji.

Jambo liwezalo kumtia mzazi khofu ni ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliruhusu mtoto mchanga wa wasio Wakristo abatizwe akikaribia kufa, ijapokuwa wazazi hawapendi. Mzazi ana haki ya kukataa waziwazi. Bali asimzuilie mwanawe dawa kwa khofu hiyo. Kwani mtoto hufuata hukumu ya wazee wake, na maji yale hayamtoi katika Uislamu. Akifa huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa na Waislamu. Ni ajabu iliyoje mtu kumwacha mtoto afe ili asimiminiwe maji kichwani!

Jawabu la pili lina tafsili. Katika madhehebu ya Shafii, tabibu ambaye kwa neno lake mgonjwa huacha udhu akatayamamu, asili yake awe Muislamu, muadilifu, mjuzi. Maana asiyeamini udhu aweza kuona wepesi kuuacha. Na wako maulamaa waliosema kuwa moyo wa mgonjwa ukimsadiki asiye hivyo, aweza kulifuata neno lake. Wala Uislamu hautoshi pasipo ujuzi: ajitiaye utabibu asioujua, akidhuru, yampasa dhamana. Imepokewa kuwa Imamu Shafii alisikitika Waislamu kuupoteza utabibu na kuwaachia Mayahudi na Wakristo.

Basi mama mja mzito akiambiwa afungue Ramadhani, aulize: khofu ni juu ya nafsi yake, au juu ya mtoto peke yake? Kwa nafsi yake, hulipa siku zake tu. Kwa mtoto peke yake, hulipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Daktari asiyeijua tofauti hii hatamwambia asipoulizwa.

Wallahu aalamu.