PAKA WA JIRANI ANAKULA VIFARANGA: TUFANYEJE?



Katika vijiji vyetu vingi paka hafungwi. Hulala kwa mwenyewe, akiamka huzunguka nyumba zote. Leo amekula kifaranga hapa, kesho ameiba dagaa pale, keshokutwa amefukua kitalu cha mchicha. Basi ugomvi unaanza. Huyu anasema, "Paka wako mwizi!" Yule anajibu, "Funga kuku wako!" Mwisho mtu anatia sumu kwenye dagaa na kuitega usiku. Katika somo la leo tutajifunza kwa nini sumu si dawa, na njia zipi zinafaa.

Sumu haichagui

Dagaa aliyetegewa paka anaweza kuliwa na mbwa, na kuku, hata na mtoto anayetambaa. Mzoga wa paka aliyekufa kwa sumu unaweza kumuua mnyama mwingine atakayeula.

Tena tukumbuke kazi ya paka. Panya hula mahindi ghalani, hutoboa magunia na huchafua nafaka kwa mkojo na mavi. Wahenga walisema: Paka akiondoka, panya hutawala. Anayemuua paka wa jirani hupoteza mlinzi wa ghala lake, na ujirani pia.

Tufanye nini?

1. Tulinde mali zetu. Vifaranga wadogo tuwafunike kwa tenga pamoja na mama yao. Usiku walale katika banda lenye mlango. Samaki na maziwa tuvifunike vizuri. Kitalu tukizungushie matawi ya miiba na tukimwagilie, maana paka hupenda kufukua udongo mkavu.

2. Tuzungumze na jirani. Twende kwa utulivu, tuseme hivi: "Hodi, jirani. Nimekuja tushauriane. Paka wako anatusaidia, panya wamepungua. Ila wiki hii amenimalizia vifaranga 3. Tufanyeje?" Mtu akiombwa ushauri husikiliza, akishutumiwa hukasirika. Kama hatukuelewana, twende kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hasira hazijapanda.

3. Mwenye paka atimize wajibu wake. Ampe paka chakula kila siku. Wengine husema paka akishiba hawindi panya. Si kweli. Aliyeshiba huendelea kuwinda, lakini wizi hupungua.

4. Tuzuie paka kuzidi. Mimba ya paka ni kama miezi 2 tu. Jike mmoja anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, mara nyingi watoto 3 hadi 5. Tumwulize mtaalamu wa mifugo juu ya kuhasi madume na kufunga kizazi majike. Tusiwatupe watoto wa paka porini au sokoni. Huko tunawapelekea wenzetu shida ileile.

Jihadhari na kichaa

Ugonjwa huu tunauita kichaa cha mbwa, lakini jina lisitudanganye. Paka naye huupata na huweza kumwambukiza mtu. Paka mwenye kichaa hubadilika tabia, huuma bila kuchokozwa, na huweza kutoka mate mengi.

Ukiumwa au ukikwaruzwa na paka, fanya hivi:

(a) Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.
(b) Usipake majivu, pilipili wala majani.
(c) Nenda zahanati au hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama utaumwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Paka achanjwe kama mbwa anavyochanjwa. Siku ya chanjo ya mbwa kijijini, tumwulize mtaalamu kama na paka watachanjwa.

Kinyesi cha paka nacho kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asikishike. Sote tunawe mikono baada ya kulima, na tuoshe mboga vizuri.

Maneno mapya

Kitalu: mahali pa kuoteshea miche.
Kuhasi: kumfanya mnyama dume asiweze kuzalisha.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini sumu ni hatari kwa nyumba yako mwenyewe?
2. Kwa nini ni lazima aliyeumwa na paka aoshe kidonda na kwenda hospitali mapema?
3. Je, katika kitongoji chenu mnaweza kukubaliana nini juu ya paka na kuku?

Jadilianeni kikundini. Mkishakubaliana, andikeni makubaliano yenu katika daftari ili yasisahauliwe.