Kukoma kwa Hedhi: Somo kwa Akina Mama na Waume Wao

Wapendwa akina mama wa Mkolani, nanyi waalimu mnaowatembelea nyumbani, somo la mwezi huu ni jambo lisemwalo kwa kunong'ona, yaani kukoma kwa hedhi. Si ugonjwa, wala si laana. Kwa wanawake wengi hufika kati ya miaka 45 na 55, na hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mama akimaliza miezi 12 pasipo kuona damu. Sababu yake ni kwamba mwili hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni. Ndipo joto hupanda ghafula kifuani hata usoni, jasho hutoka, moyo hupiga mbio, na usiku usingizi hukatika.

Mama wa namna hii huamka usiku wa manane akatoka uani kutafuta upepo. Nasi tukaao Usukuma twajua jinsi vikongwe walivyouawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ajili ya macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Basi jirani amwonapo mama nje usiku, asianze maneno.

Mwenye kulima tangu alfajiri atatuuliza, "Mazoezi ya nini tena?" Swali jema. Jembe hutia nguvu, lakini huinamisha mgongo, na mawazo huzidi kukimbia. Mazoezi tusemayo ni ya polepole, na nia hufuata pumzi. Keti kigodani, mgongo umenyoka, mikono magotini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, uitoe ukihesabu 6. Endelea hivyo kwa dakika 5. Kisha inua mikono ukivuta pumzi, uishushe ukiitoa, mara 10. Halafu simama, shika shina la mwembe, uinuke juu ya vidole vya miguu na kushuka taratibu. Jioni tembeeni wawili watatu, pasipo ndoo kichwani. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 kwa juma. Milima yetu ya mawe mwaijua; mwenye magoti mabovu ashike njia tambarare.

Hatusemi kwamba mazoezi haya yatalizima lile joto. Lakini huweza kuleta usingizi na kutuliza moyo, na kutembea huisaidia mifupa, ambayo baada ya hedhi kukoma huwa myepesi kuvunjika.

Walakini jambo moja lisingoje mazoezi. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima kupita, hata ikiwa kidogo, mama aende hospitali upesi, maana yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, nayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ipo hapo mjini. Nanyi waalimu, mfikapo nyumbani kwa mama huyo, semeni na mumewe pia, kwa kuwa mara nyingi nauli imo mfukoni mwake.