Kuivusha EGF utando wa E. coli: mambo ninayoyaangalia kwanza

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na swali la ishara, yaani kipande cha mwanzoni kinachoivusha protini utando: PelB au OmpA? Mimi huwarudishia swali: peptidi yako unataka iishie wapi? E. coli ana tando mbili. Ishara hizo mbili hutumia Sec, mlango wa protini kwenye utando wa ndani, nayo huivusha utando huo tu, ikabaki kwenye periplazimu, nafasi iliyo kati ya tando hizo. Anayetaka itoke hadi kwenye maji ya kuoteshea amwangalie Bacillus subtilis, au Lactococcus lactis akiwa na ishara ya Usp45.

Kwa EGF ya binadamu, inayochochea seli za ngozi kukua, periplazimu yanitosha. Ina asidi amino 53 na vifungo 3 vya salfa, na vifungo hivyo hufungwa huko huko na kimeng'enya DsbA. Ndani ya utando wa ndani, visingefungika vizuri.

Ishara ya PelB ina asidi amino 22: mwanzoni chaji chanya, katikati zinazokwepa maji, mwishoni Ala-Met-Ala. Ni kama tiketi: ikishavuka, kimeng'enya cha utandoni huichana. Günter Blobel alipata Nobeli mwaka 1999 kwa wazo hili la ishara. Lakini mimi muda wangu mwingi huishia pale panapochanwa. Plazmidi nyingi za dukani zina sehemu ya kukatia DNA hapo hapo, nayo huacha asidi amino za ziada kichwani mwa peptidi. EGF huanza na asparajini, kwa hiyo naagiza jeni nzima ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na ishara, bila kiungo. Peptidi yako ikianza na prolini, tafuta njia nyingine, maana kimeng'enya hakitakata.

Kisha punguza kasi ya kutengeneza protini. Promota ya T7, inayowasha jeni, huzalisha protini nyingi kuliko mlango wa Sec unavyoweza kupitisha. Mlango ukijaa, protini hurundikana ndani na seli hudumaa. Natumia IPTG, kichochezi cha promota hiyo, milimola 0.1 na nyuzi joto 25, naacha usiku kucha. Kwenye jeli ya trisini, EGF iliyokatwa hukaa karibu na kilodaltoni 6. Ukiuona mstari karibu na 8, ishara bado imo.

Kutoa yaliyomo kwenye periplazimu ni rahisi: loweka seli kwenye sukrosi asilimia 20 yenye Tris na EDTA, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga, kisha tia maji baridi yenye magnesi kidogo. Zungusha tena; maji hayo ya pili ndiyo ya kuhifadhi. Kabla ya kushangilia, nayapima kwa ONPG. Beta-galaktosidasi, kimeng'enya kinachoigeuza ONPG kuwa njano, hukaa ndani ya utando wa ndani. Maji yakiwa ya njano sana, seli zimepasuka, na EGF iliyomo humo haithibitishi kwamba ishara imefanya kazi. Pembeni, kwa kulinganisha, huwa nakuza seli zenye plazmidi ile ile ila isiyo na PelB, nikazipitisha hatua zote hizo siku ile ile.