Neptune Frost: Saibapanki Inayoanzia Shimoni

Mara ya kwanza tuliitazama chumbani kwetu hosteli, watu saba, laptopu moja na spika ya kuazima. Dakika ya ishirini alitoka wa kwanza, akasema anawahi kantini kabla maharage hayajaisha. Kufika dakika ya arobaini tulikuwa tumebaki watatu, na mmoja wetu anakoroma. Kesho yake kwenye klabu ya filamu mtu akatoa hukumu ya maneno mawili: "Filamu mbovu." Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza. Kuna kitu kilikuwa kimenikaa kooni na sikujua nianzie wapi kukisema. Nakisema sasa, na njiani nataka tujifunze namna ya kuisoma filamu yenye kasoro bila kuitupa yote, wala kuitetea kishabiki kama tunavyotetea Simba na Yanga.

Taarifa zake kwanza. Neptune Frost imeongozwa na watu wawili: Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman, mwigizaji na mwongozaji mzaliwa wa Rwanda. Ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2021. Hadithi yake inatokea Burundi, lakini hali ya siasa kule haikuruhusu, kwa hiyo ilipigwa Rwanda mwanzoni mwa 2020, na baadhi ya walioshiriki ni Warundi waliokuwa wamekimbilia huko. Wahusika wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakati mwingine ndani ya mazungumzo yale yale. Na wanaimba. Ndiyo, ni muziko wa wachimba madini wanaogeuka wadukuzi wa mitandao. Ukiwaeleza watu hivyo wanakucheka, na mimi sikuwalaumu wale wa kantini.

Kisa kwa ufupi: Matalusa anachimba koltani pamoja na ndugu yake Tekno. Siku moja Tekno anasimama, anainua kipande cha koltani na kukitazama. Basi. Mlinzi anampiga kwa kosa hilo la kusimama, naye anafia pale pale, na kazi inatakiwa iendelee. Matalusa anaondoka, anaongozwa na ndoto hadi kwenye kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Huko anakutana na Neptune, mtu mwenye jinsia mbili aliyekimbia kwao, na kukutana kwao kunawasha nguvu inayovamia mitandao ya dunia nzima. Mwisho wake siutoboi.

Sasa hilo neno saibapanki. Ni tawi la hadithi za kisayansi ambalo kanuni yake wenyewe wanaifupisha hivi: teknolojia ya juu, maisha ya chini. Mashine zina akili na watu wana njaa. Blade Runner ya 1982 ndiyo mama yao kwa upande wa sinema, na hapa mjue kwamba ilipotoka haikufanya vizuri sokoni, wakosoaji wengi wakailalamikia kwamba ni ya polepole na haieleweki. Leo inafundishwa vyuoni. Upande wa riwaya kuna Neuromancer ya William Gibson, 1984. Kisha The Matrix, 1999, ambayo hata kibanda umiza cha kwetu iliingia, ikiwa na sauti ya mtafsiri anayesimulia juu ya milio ya risasi.

Ukizipanga filamu hizi pamoja, jiulize swali moja tu: kamera imesimama wapi? Karibu mara zote imesimama mjini, usiku, mvua inanyesha, taa za matangazo zinawaka rangi zote. Kompyuta ipo tayari mezani. Hakuna anayeuliza chuma chake kilitoka ardhi ya nani. Hata Black Panther ya 2018, filamu yetu sote, inatuonesha machimbo ya vibranium yanayong'aa kama uwanja wa ndege. Mkenya Wanuri Kahiu alijaribu njia nyingine kwenye Pumzi, filamu fupi ya 2009, lakini yeye alishika maji na udongo. Kwenye mnyororo mrefu unaotoka shimoni hadi mfukoni mwako, saibapanki kwa kawaida inaanzia mfukoni. Neptune Frost inaanzia shimoni.

Hapo ndipo koo langu lilipokwama, kwa sababu mimi natoka Nyarugusu.

Nikisema hivyo chuoni watu huniuliza kama ni mkimbizi. Zipo Nyarugusu mbili. Moja ni kambi iliyoko Kasulu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi mwaka 2015. Nyingine ni yetu, mkoa wa Geita, kata ya dhahabu, ambako mtoto anajua sauti ya karasha kabla hajajua kengele ya shule. Januari 2017 redio zote zilitutaja: wachimbaji 15 walifukiwa chini, mmoja wao raia wa China, na baada ya siku tatu hivi wakatolewa wote wakiwa hai. Taifa likashangilia. Baba yangu alifukiwa nikiwa darasa la tatu, kwenye duara lisilo na jina, na hakuna redio iliyokuja. Baba mdogo alikuwa juu akivuta kamba siku hiyo. Ndiye aliyenisomesha, kwa viroba vya mawe na baadaye kwa marudio, yaani ule mchanga ambao wengine wameshauosha na kuuacha. Nasoma kompyuta kwa fedha ya mchanga uliokwisha kutupwa.

Likizo iliyopita nikaipeleka filamu nyumbani. Tuliitazama jioni: mimi, baba mdogo, na kijana wake wa kazi, Muha wa Kasulu. Hapo likatokea la kwanza ambalo sikulitegemea. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, basi yule kijana hakuhitaji maandishi ya chini. Alikuwa anacheka mahali ambapo sisi hosteli tulikaa kimya, na mara mbili alisema, "Hapo waliyoandika siyo aliyosema." Wanaosoma lugha wazingatie. Kumbe sehemu ya ugumu tuliolaumu kwenye filamu ulikuwa ugumu wa kuisoma kupitia Kiingereza, sisi ambao tuko jirani na lugha zake kuliko wale waliotazama kule Cannes.

La pili lilikuwa ukosoaji wa baba mdogo, na naomba wana klabu wausome vizuri, kwa sababu ni mkali kuliko "filamu mbovu" na una faida zaidi.

"Hawa wanachimba juu juu kama wanalima viazi," alisema. Kweli, machimbo ya kwenye filamu ni kilima kilichofunuliwa, na koltani mara nyingi huchimbwa hivyo, lakini yeye alikuwa anaona jambo jingine: nguo. Hazikuwa na uchovu. Kisha akauliza, "Mwenye duara yuko wapi?" Nikamwambia kuna mlinzi mwenye bunduki. "Mlinzi siyo mwenye duara. Nani anagawa mawe? Nani analipia matimba? Anayenunua ni nani?" Nikakosa jibu, maana filamu haina. Ina dhuluma, lakini haina mahesabu ya dhuluma. Kwetu mtu hadhulumiwi na bunduki kila siku. Anadhulumiwa na mgawo wa viroba, na deni la chakula, na mizani ya mnunuzi, na ndiyo maana soko la madini la Geita lilipofunguliwa 2019 watu walilizungumzia mizani kwanza. Waongozaji wamechukua mateso ya mchimbaji wakaacha uchumi wake.

Mimi naongeza kasoro za upande wangu. Udukuzi wa kwenye filamu hauna kazi ndani yake. Kwa mtu aliyekesha na programu isiyokubali kuendeshwa kwa sababu ya nukta moja, kuona mtandao wa dunia ukivamiwa kwa sababu wapenzi wawili wamekutana kunaudhi. Neptune anachezwa na watu wawili, kwanza Elvis Ngabo kisha Cheryl Isheja, na mabadiliko yanapita haraka mno, nusu ya chumba chetu walidhani ni wahusika tofauti. Halafu hotuba. Kuna wakati kila mhusika anaongea kama anagombea urais wa serikali ya wanafunzi. Ukishasikia kauli tano nzito mfululizo, ya sita haikuingii hata kama ndiyo yenye ukweli.

Hizo ni kasoro za kweli, wala sitaki mtu aniambie kwamba "ni sanaa, hujaielewa". Lakini kuna kasoro zinazotokana na uvivu na kuna zinazotokana na kubeba mzigo mkubwa kuliko mikono. Filamu hii ni ya aina ya pili, na ushahidi uko kwenye vitu vidogo. Mavazi ya Cédric Mizero, msanii wa Rwanda, yameshonwa na kuunganishwa kwa mabaki ya vifaa: nyaya, vitufe, vipande vya kompyuta. Kijiji kinaitwa Digitaria, na nilipofungua kamusi ya mimea nikakuta kwamba hilo ni jina la kisayansi la kundi la nyasi lenye fonio, nafaka ndogo sana ya Afrika Magharibi, pamoja na magugu tunayoyang'oa mashambani. Matalusa nalo ni jina la Kiingereza lililopita kwenye mdomo wa Kibantu: shahidi, mshindwa na mfalme vimebanwa pamoja, na nyuma yake unasikia Martin Luther King. Mtu mvivu hafanyi hivi.

Na salamu yao. Wenyeji wa Digitaria wakikutana husalimiana kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: mgodi wa dhahabu wa kauli moja. Hosteli tulicheka. Baba mdogo hakucheka, aliirudia polepole, akasema, "Kauli moja hakuna mgodini." Kisha akaendelea kutazama.

Nimeruka jambo moja kwa makusudi. Tekno alipopigwa, mwanzoni kabisa, baba mdogo alinyanyuka akatoka nje. Nikasimamisha. Alirudi baada ya muda, akakaa, akasema niendelee. Baadaye sana usiku ndipo aliponiambia kwamba siku ya baba, mwenye duara aliuliza kwanza kama kamba imekatika, kwa sababu kamba ilikuwa mpya. Duara lilifungwa siku mbili. Siku ya tatu watu walishuka, na yeye alishuka nao. "Wale wanaopiga ngoma mwenzao akiwa chini," alisema, "hao wamewapata." Katika onyesho lile wachimbaji wanapiga ngoma na kuimba huku ndugu mmoja amemshika mwenzake. Kwenye laptopu hosteli nilidhani ni mbwembwe za muziki. Kwa aliyeshuka siku ya tatu ilikuwa picha ya kitu kilichotokea.

Kwa hiyo klabu ikirudi kwenye mjadala, hoja yangu ni hii: tukipima filamu kwa mtiririko wa kisa tu, imefeli, na sidai isahihishwe upya kwa huruma. Tukipima kwa mahali ilipoisimamisha kamera, sijaona saibapanki nyingine iliyomsimamisha mtu kama baba yangu mwanzo wa mnyororo na kumwita kwa jina. Atakayetengeneza ya kwetu, na natumaini yumo chuoni humu, akaanzie pale pale, ila amweke na mwenye duara. Aweke mizani. Aweke mama wa mwaloni mwenye karai na zebaki kiganjani, na moshi wake unaotazamwa na watoto.

Asubuhi ya kuondoka nilimweleza baba mdogo habari ya zile taka za Digitaria, kwamba simu mbovu zina dhahabu ndani, na tani moja ya simu inashinda tani moja ya mawe ya migodi mingi. Marudio ya aina nyingine. Alinitazama kama ninamtania. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lenye simu zake zote zilizokufa tangu aanze kumiliki simu. "Moja ina ngapi?" Nikamwambia ni karibu gramu 0.03. Akazihesabu juu ya mkeka: saba. Kwenye gramu huwa hahitaji kikokotoo.

"Pointi mbili," akasema. Akazirudisha moja moja kwenye kopo, akafunga kifuniko.